Kikao cha Dharura Kuhusu Mbwa wa Gaudensia na Michembe Iliyopungua

KIKUNDI CHA AKINA MAMA WAANIKA MICHEMBE, IPULI
Jumamosi, 14 Juni 2025, uani kwa Bi Batuli, saa 9:00 alasiri

WALIOHUDHURIA: Bi Batuli Nasri (Mwenyekiti), Bibi Minza Shigela (Katibu), Gaudensia Justus, Zuwena Abbasi na wengine sita.
ASIYEHUDHURIA: Shamimu. Alituma taarifa kwamba anaumwa. Asubuhi alionekana sokoni, mzima kabisa.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kwa dua. Mwandiko wa Katibu ulilalamikiwa. Katibu alijibu kwamba anayejua zaidi achukue kalamu. Hakuna aliyechukua.

KUMB. NA. 2/6/2025: MBWA
Mwenyekiti alieleza kwamba michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa Jumatatu, imepungua nusu mkeka, na anayeshukiwa ni Bosko, mbwa wa aina ya Labrado ambaye Gaudensia aliachiwa na padri aliyehama Kipalapala. Zuwena alisema kwa ukali kwamba mkeka ni wa wote, na mbwa akishatia mdomo, Waislamu hawali tena. Alitaka Bosko apelekwe Ulyankulu kwa kaka yake Gaudensia, leo leo. Gaudensia alilia. Alisema tangu mumewe afariki hana mwingine wa kumpokea mlangoni.

KUMB. NA. 3/6/2025: UCHUNGUZI
Katibu alikwenda kuutazama mkeka, maana wengine walikuwa wanaongea tu. Alikuta imechukuliwa michembe minene ya njano, myembamba imeachwa, na chandarua cha kufunikia kimerudishwa juu na jiwe lake. Alikumbusha kwamba Bosko alishakula sabuni, ndala na kadi ya harusi ya jirani yetu Nurdini. Katibu alisema: "Mbwa huyu hachagui. Angekula yote na mkeka wenyewe. Mwizi wetu anachagua, halafu anafunika."

Ndipo Zuwena akasema, "Jamani, mwanangu kajifungua, alitamani michembe iliyopikwa kwa karanga." Mwenyekiti alimuuliza mdomo wa kuomba aliuacha wapi.

KUMB. NA. 4/6/2025: MAAZIMIO
Bosko anabaki Ipuli, ila mikeka ikiwa nje afungwe kamba. Viazi vya wiki ijayo atavimenya Zuwena peke yake. Mzazi apelekewe michembe mingine, yeye hana kosa.

KUMB. NA. 5/6/2025: CHAKULA NA KUFUNGA
Wajumbe waligeuka kupakua kande wakakuta sufuria tupu, na Bosko amelala pembeni yake, hana habari na mtu. Mwenyekiti aliagiza Gaudensia aioshe kwa sheria ya Kiislamu, mara saba, ya kwanza kwa udongo. Gaudensia aliosha huku akicheka.

Kikao kilifungwa saa 10:40, kila mtu akaenda kula kwake.

Mwenyekiti: B. Nasri
Katibu: Minza Shigela (nimeandika mwenyewe)