Upande wa Pili wa Santuri ya Weldon

Jumatatu, 4 Machi 1974

Foleni ndefu tangu saa moja. Homa, kikohozi, jicho la mtoto, kidole kilichokatwa na kisu cha kupogoa michai. Ndivyo zahanati ya shamba ilivyo kila Jumatatu. Leo pia vichwa viwili vya jana: Omosa na Kiplangat, wapogoaji, marafiki. Walipigana chupa kwa sababu ya karatasi yangu.

Karatasi hubandikwa ukutani kando ya tangazo la chanjo. Kila wiki santuri mbili za aina tofauti, maoni yangu, alama juu ya kumi. Walio kwenye foleni husoma, wasiojua kusoma husomewa. Siku hizi wanakuja hata wazima. Wiki iliyopita rumba ya Kongo niliipa nane: magitaa matatu na hakuna linalomkanyaga mwenzake, ila mwimbaji analia kama aliyenyimwa chumvi. Wale Wamarekani wa kofia pana nikawapa nne. Mwanamume mzima analilia farasi. Kiplangat anawapenda wa kofia kuliko mamake. Omosa akamcheka. Chupa.

Nyuzi saba kwa mmoja, tisa kwa mwingine. Niliwashona kwenye benchi moja wakitazamana. Nilifurahi. Ni vibaya, lakini nilifurahi. Muuguzi gani mwingine huku ameandika kitu watu wakatoana damu?

Jumatano, 6 Machi

Kijana aliyekuja mchana hakuwa mgonjwa. Weldon, wa Siongiroi. Amepanda lori la ng'ombe hadi hapa, gitaa ndani ya gunia. Ana santuri yake mwenyewe, ndogo, wimbo mmoja kila upande, aliyorekodi Nairobi. Hainunuliwi. Amesikia habari za karatasi hadi kwao.

"Sista, wanasema wewe ukiandika, mtu anatafuta hiyo rekodi. Andika tu kile umesikia. Hata kama ni mbaya."

Upande wa kwanza ni wa harusi. Tano. Nimesikia harusi kama hiyo mara mia. Upande wa pili nikakaa chini. Gitaa moja, sauti moja, hakuna haraka. Nimeurudia mara tano na sindano ya mtoto wa watu ikapoa mezani. Mimi Mkisii, Kikipsigis changu kinaishia kwenye "unaumwa wapi". Sikuelewa neno. Sikumuuliza maana, na yeye hakusema. Aliitazama sakafu tu.

Tumepatana aje kuimba kwenye ukumbi wa wafanyakazi Jumapili ya tarehe 17.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebandika. Nakala yake hii hapa, nisije nikasahau nilivyoandika vizuri:

"Weldon wa Siongiroi, upande wa pili: tisa. Moja nimebaki nayo ili asiringe. Wanawake, jifunzeni wimbo huu. Mkichuma chai nao, kikapu kitajaa bila nyinyi kujua."

Saa saba nikaweka gramafoni dirishani. Wachumaji waliokuwa wakienda mizanini wakasimama na vikapu mgongoni. Nikaurudia. Wanawake wakaushika haraka, maana hauna kona nyingi. Vijana wa Kikipsigis waliinamisha vichwa wakacheka chini kwa chini, wawili wakaondoka. Nilidhani ni haya ya kumsikia mwenzao akisifiwa.

Saa kumi mlima mzima ulikuwa unavuma wimbo ule, mstari kwa mstari wa michai. Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Mimi Kerubo.

Jumamosi, 9 Machi

Chebet ameletwa na jirani zake wawili. Meno matatu ya mbele hayapo. Mdomo umepasuka hadi puani. Mumewe ni Tonui, nyapara wa kikosi cha tatu. Chebet alikuwa akisonga ugali huku anavuma wimbo. Mume akaingia, akasikia, akampiga kwa kigoda. Hakumwambia sababu ila "hiyo si yako". Chebet hajui hata sasa kosa ni nini. Wala mimi.

Nimemshona kutoka ndani kwanza, kisha nje. Hakulia. Namchukia Tonui. Naandika wazi, namchukia.

Jumapili, 10 Machi

Baada ya kanisa alikuja Mzee arap Sang, wa ule mwinuko wa juu ya shamba. Mzee wa kanisa, koti, tai. Alinisalimu vizuri, akaniuliza habari za wazazi wangu Kisii, akakaa. Kisha akanieleza.

Wimbo ule ni wa menjo. Ni kule kibandani msituni ambako vijana wao hukaa wakishatahiriwa, na yanayofundishwa kule hayatoki. Mwanamke hausikii. Asiyetahiriwa hausikii. Weldon ameubeba kutoka huko, akaufunika kwa gitaa, akaupeleka Nairobi. Mimi nimeuweka dirishani na kuwaambia wanawake wajifunze.

"Mama, wewe ni mgeni, hukujua. Hakuna mtu anakulaumu. Toa hiyo karatasi, nipatie hiyo santuri, tutamaliza na huyo kijana sisi wenyewe polepole."

Hapo ndipo ningepaswa kusema ndiyo. Kwetu pia yako mambo ya namna hiyo, naelewa kabisa. Lakini nilikuwa nauona mdomo wa Chebet. Nikamwambia mtu mzima, mzee wa kanisa, kwamba wimbo unaotoa wanawake meno ni afadhali uimbwe hadi uchakae. Nikamfungulia mlango. Akavaa kofia yake, akaaga, akatoka.

Lori la maziwa hupita Siongiroi kila siku. Kingetosha kipande cha karatasi kwa dereva: Weldon, usije. Sikuandika. Nilijiambia ni kwa ajili ya haki ya wanawake. Uongo. Nataka kumsikia akiimba mbele yangu. Basi.

Jumatano, 13 Machi

Mwanamke wa pili, wa kikosi cha kwanza. Mkono umevimba kwa fimbo, haujavunjika. Huyu anasema hakuimba, alikuwa amesimama karibu na waliokuwa wakiimba.

Jiwe limeingia dirishani saa tano. Likavunja chupa ya dawa ya vidonda, likaikosa gramafoni. Nililishukuru jiwe.

Saa tisa akaja Tonui na jipu kwenye kidole gumba. Tonui yule yule, anakaa kwenye benchi langu ananyoosha mkono. Ganzi ilikuwepo kabatini, chupa nzima. Nikalipasua bila ganzi. Nikakamua polepole kuliko inavyohitajika. Alijikaza, jasho likamtoka, hakunitazama. Mwishoni akasema asante sista.

Karatasi bado iko ukutani.

Jumapili, 17 Machi

Niandike kwa mpangilio kabla vichwa vya watu havijaanza kuupanga upya.

Ukumbi ulijaa saa nane. Wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine, vijana madirishani. Weldon aliimba wa harusi, watu wakacheza. Akaimba mwingine mpya, mzuri, saba. Kisha vijana wakaanza kupiga kelele: ule mwingine, ule mwingine. Akatikisa kichwa. Akanitazama mimi. Nami nikapaza sauti, tena nikiwa nimesimama: imba.

Alipiga gitaa tu, bila maneno. Pengine alidhani ameponyoka kwa njia hiyo. Mlango ukafunguka. Arap Sang na wazee sita, marungu mikononi, Tonui nyuma yao. Mzee alisema neno moja kwa Kikipsigis na gitaa likanyamaza. Ingeishia hapo. Lakini Omosa akarusha kigoda, na kikampata mzee mmoja sikioni.

Baada ya hapo sikuona watu, niliona mikono. Benchi likapita hewani. Kiplangat alikuwa akimpiga Omosa ngumi, wale wale, nyuzi zangu zikafumuka zote. Mwanamke alikanyagwa mlangoni. Tonui akafika kwenye meza ya gramafoni, akaiinua, akaibamiza chini, akaikanyaga. Kisha akamgeukia Weldon na rungu.

Komeo la mlango ni la chuma, refu kama mkono wangu. Lilikuwa sakafuni. Nililishika kwa mikono miwili. Nilimlenga Tonui. Nilitaka kumvunja, si kumzuia. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikalishusha kwa nguvu zangu zote, na wakati uleule Weldon akanyoosha mkono kuokoa gitaa lake.

Mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Nimesikia mifupa mingi ikivunjika kwa kazi hii. Sikuwa nimewahi kuivunja mwenyewe.

Alianguka bila sauti. Nikatupa komeo. Nikaanza kufunga mkono ule kama nesi aliyefika sasa hivi, nikaomba mbao, nikaomba kitambaa, nikatoa amri. Watu wakanipisha. Arap Sang alikuwa amesimama juu yetu na rungu lake, anahema.

Jumatatu, 18 Machi

Gari la shamba lilimpeleka Weldon hospitali Kericho jana hiyo hiyo. Vidole viwili vimesagika. Dereva anasema daktari aliguna tu.

Polisi wamemchukua arap Sang. Meneja ndiye aliyewaita. Kila mtu anasema ni rungu la mzee. Walioona, ambao hawakuona, wote. Mimi waliniuliza kuhusu majeraha, nikaeleza majeraha.

Mzee hakukana. Kiplangat alikuwepo akasikia alichowaambia polisi: "Kama mkono imevunjika kwa vita mimi nilileta, hiyo ni yangu." Akapanda gari lao bila kushikwa.

Wagonjwa ishirini na watatu leo. Sikuona uso wa hata mmoja.

Alhamisi, 21 Machi

Sijabandika karatasi. Ukuta mtupu. Watu wanauangalia, kisha wananiangalia mimi.

Chebet alikuja kutolewa nyuzi. Kidonda kimefunga vizuri, ila midomo haikutani tena. Akasema mumewe hajamgusa tangu Jumapili. Akasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba arap Sang alipata habari za meno yake, akamwita Tonui mbele ya wazee akamtoza ng'ombe jike kwa ajili yake. Ilikuwa ile Jumapili ya tarehe 10, mzee alipotoka hapa kwangu. Nilimfukuza, naye akaenda moja kwa moja kufanya kazi ambayo mimi nilikuwa naipigia kelele tu.

Sili. Najiambia ni malaria.

Jumamosi, 23 Machi

Nimekwenda hospitali. Wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na sinki. Mkono umefungwa hadi kiwiko. Nilijua kabla sijauliza kwamba vidole vile havitabana nyuzi tena, nilivyoona jinsi walivyofunga.

Nilimwambia bila kuzunguka. Ni mimi. Nilimlenga Tonui.

"Nilikuona, sista."

Alikuwa ameona tangu mwanzo. Polisi walipomuuliza, alisema kulikuwa na vumbi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema alijua wimbo ule haukuwa wa kutolewa nje. Aliuimba Nairobi kwa kuwa upande wa pili ulikuwa mtupu na hakuwa na wimbo mwingine mzuri. Alidhani gitaa lingeuficha. Halafu nikaandika tisa, na hakuna mtu aliyewahi kumpa chochote juu ya kumi. Akashindwa kuniambia niutoe.

Nikamwambia arap Sang yuko selo. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Alifunga macho, akageukia ukutani. Akasema mzee ndiye aliyemshika mabega siku aliyotahiriwa. Nikarekebisha shuka lake, nikatoka.

Jumatatu, 25 Machi

Nimekwenda kituo cha polisi asubuhi, baada ya kumwachia mkunga funguo za zahanati. Nilieleza, wakaandika, nikatia sahihi. Inspekta alinisomea tena sehemu ya komeo na kuniuliza kama nina hakika. Ninayo. Nitaitwa kortini. Kazi sijui. Meneja hajasema, lakini amemwandikia mtu Kisumu kuulizia nesi.

Wakamtoa arap Sang tungoje pamoja mtu wa kuandika karatasi za kumwachilia. Benchi moja, mimi mwisho huu, yeye mwisho ule. Koti lake limekunjamana, tai hana. Nilimwomba msamaha. Akasema sawa mama. Nje mvua ilikuwa inaanza, ile ya mchana ya Kericho isiyo na upepo.

Kisha akaniuliza ni mahali gani.

Sikuelewa. Akasema: mahali gani kwa ile nyimbo, mahali ulipenda. Aliuliza taratibu, akitazama sakafu. Sikutaka kuutaja ndani ya kituo cha polisi, wala mbele yake. Lakini aliuliza kweli, anataka jibu. Nikamwambia ni karibu na mwisho, pale sauti inaposhuka na kukaa chini, kama mtu aliyekuwa akiita ng'ambo ya bonde akaona hapati jibu, akaendelea kuita polepole kwa ajili yake mwenyewe.

Akaigeuza kofia yake magotini.

"Hapo," akasema, "hata sisi tulilia."

Kisha wakamwita kwa jina, akaenda mezani kuweka kidole gumba.