Kisamvu Nilichowapa Kuku

Tangini, Kibaha
Jumapili, 11 Agosti 2024

Mama yangu Rukaya,

Shikamoo mama. Natumaini magoti yamekupa nafuu na mikorosho ya Kurui imechanua vizuri. Sisi hatujambo. Najua unashangaa, miaka ishirini na tisa kimya, leo barua. Simu nilijaribu mara mbili, nikaikata.

Mama, lile tumbo langu limepona. Unalikumbuka? Nikila tu linanibana hadi mgongoni, nawe unanikanda kwa maji ya moto huku unaniimbia. Kumbe ni mawe! Daktari wa Dar alisema yameziba mfereji wa kongosho, na yalianza tangu utotoni. Nikajua napasuliwa, nikaanza kuaga watu. Wapi! Walinilaza kwenye mashine inayoyagonga mawe kwa mitetemo kutoka nje, ta-ta-ta, mpaka yakavunjika. Kisha wakapitisha mpira mdomoni hadi ndani, wakazoa chengachenga. Sina hata mshono mmoja. Juzi nilikula wali, nikangoja maumivu, hayakuja. Nikalia.

Nilikulilia wewe. Nilikumbuka mafiga yako, kinu chako, bada la unga wa muhogo na kisamvu cha nazi, na ile sahani ya maua uliyosema ni yangu peke yangu. Uliingia nyumbani mama mzazi akiwa ameshafariki, nami nina miaka kumi na mmoja, na hukunipiga hata siku moja. Mimi chakula chako nikawa nawapa kuku nyuma ya nyumba.

Sasa nikwambie la kweli. Majirani waliponong'ona kwamba tumbo langu ni mkono wa mama wa kambo, marehemu baba hakuamini. Aliniuliza mimi. Nikamwambia nimekuona ukitia unga mweusi kwenye sahani yangu. Wiki ile ile akakupa talaka.

Sikuona kitu, mama. Nilitunga. Nilikuwa naumwa, na sikutaka mtu akae mahali pa mama yangu. Ulipofunga kanga zako ukaondoka, uliniachia ile sahani. Ninayo mpaka leo.

Nisamehe, mama. Barua hii anakuletea mume wangu Latifu, na yote nimeshamweleza. Kama moyo umekataa, mwache arudi mikono mitupu, sitakulaumu. Ukiweza, mpe kisamvu aniletee, sahani ya maua anayo kwenye mfuko. Nazi tia kidogo tu, daktari kanikataza mafuta.

Nitakila chote.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Mwanao, ukikubali,
Firdausi