Ukurasa wa Mama Ulionikataza Kuuandika

Bibi yangu, mwenye mji wetu,

Ulipokuwa hai sikuweza kukwambia haya bila kuangalia chini. Leo naandika nimeinua uso. Jumatatu napeleka tasnifu yangu, na ule ukurasa wa Mama umo.

Unakumbuka likizo ile niliyorudi Butiama na madodoso ya chuo? Sabuni ilikuwa haipatikani hata Bunda, tukafua kwa majani ya mpapai. Ulinipa kiti chenye mgongo kama mgeni wa serikali. Nilitaka kujua jinsi ndoa inavyompa mwanamke sauti kwenye mikutano ya kijiji. Penye hali ya ndoa nikaandika "mjane" kabla hujafungua mdomo, maana Babu alikufa zamani. Ukataka nikusomee nilichoandika.

"Futa! Mjane gani? Mimi nina mke."

Mama Magesa, jirani yetu, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mwanachuo mzima hajui nani kamuoa mama yake!"

Nilijua, Bibi. Hukujaliwa mtoto wa kiume, na shemeji zako walishaanza kuligawana shamba kwa macho. Ukatoa ng'ombe, ukamuoa Mama ili azae kwa jina la nyumba yako. Nyumba ntobhu, ndivyo watu wa kwetu wanavyoiita, na mimi nimezaliwa humo. Fomu haikuwa na nafasi ya mtu kama wewe, nami nikaifuata fomu. Nilifuta, nikakuandika upya kwa fahari. Ulikuwa balozi wa nyumba kumi. Nimekuona ukiwanyamazisha wanaume kwa kukohoa tu.

"Mwenye ng'ombe anasikilizwaga," ulisema. Nikapigia mstari.

Kesho yake nilimhoji Mama. Alikuwa anachambua pamba, safi huku, fifi yenye madoa kule, na hakuinua kichwa.

"Nilitoka shule nikakuta ng'ombe wageni zizini. Nilikuwa darasa la sita. Nikaambiwa nikaoge."

"Ulimwambia nani kwamba hutaki?"

"Nani aliniuliza?"

Kumbe ulikuwa umesimama mlangoni. "Hilo usiandike," ulisema. "Ng'ombe zangu zimekusomesha, halafu unakuja kunivua nguo mbele ya watu wa chuo?" Nikakujibu kwamba hukuzoea kuulizwa. Nikapanda lori la pamba kwenda Musoma bila kukuaga. Ulikufa kabla ya palizi.

Kwa majuto niliuondoa ukurasa ule kwenye tasnifu. Mwalimu anayenisimamia alifurahi. Wewe peke yako ulitosha kumshangaza. Nilipourudisha, akakunja uso. "Hoja yako ni nguvu ya mwanamke. Ukiacha haya humu, inaanguka."

Mwenzangu wa chumbani anasoma fizikia. Anapima utando mwembamba kuliko unywele, na kipimo kikimkatalia anakiandika hivyo hivyo, ananuna, analala. Aliniona nakaa na ule ukurasa siku nzima. "Kwani unamwogopa mwalimu?" akaniuliza.

Sikumwogopa mwalimu. Nilikuogopa wewe, uliye kaburini.

Nimekuogopa vya kutosha. Nakupenda, na kwa kuwa nakupenda sitakufanya sanamu. Hoja inayosimama juu ya mdomo wa mama yangu, acha ianguke. Ulipigania nyumba yako ukashinda, nimeandika. Ulishinda kwa kumchukua mtoto wa shule ambaye hakuulizwa. Hilo nalo nimeandika, sentensi ya pili, bila "lakini" katikati. Kama wakubwa wa chuo wataninyima alama, wataninyima kwa jambo la kweli.

Wiki iliyopita nilikwenda nyumbani kumsomea Mama. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza kwamba chuoni tunaficha majina ya watu, kwa hiyo yeye nimemwita mhojiwa wa kumi na moja.

Akaweka ungo chini.

"Siku ile ng'ombe walitajwa mmoja mmoja kwa rangi zao," alisema. "Mimi hakuna aliyenitaja. Andika jina langu."

Nimeandika Wakuru, kwa herufi kubwa, juu kabisa ya ukurasa. Ukitaka kukasirika, Bibi, kasirika. Ukimaliza, pumzika.

Mjukuu wako,
mtoto wa mke wako