Mama Mkwe Anamposea Mwanawe Mke wa Pili, na Mke Huyo ni Mimi

Mshauri wangu mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya marobota ya vitambaa, mlango nimeufunga kwa ufunguo na redio nimeiwasha, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, maana nimejibana kwenye kona niliyoijenga kwa mikono yangu na sioni pa kutokea.

Nimeolewa mwaka wa sita sasa na fundi wa friji, mwanamume mpole asiyependa kelele, na tunaishi na mama yake, ambaye alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa miaka thelathini, akastaafu, lakini ni kazi iliyostaafu, si yeye, kwa sababu kila asubuhi anapita chumba hadi chumba akivuta mashuka na kukagua pembe za vitanda, na mimi niliye fundi cherehani, ninayeshona mapazia na foronya, sijawahi kushona kitu kikapita mbele ya ukucha wake wa gumba, anaupitisha juu ya mshono taratibu, anaguna, anarudisha. Jina langu hajawahi kulitamka, mimi ni "mwenye cherehani", na akiwa na neno lake kwangu analipitisha kwa mwanawe, mwambie mkeo chumvi imezidi, hata kama tumekaa kochi moja na magoti yanagusana.

Miezi minane iliyopita nilianza kuuza mapazia kwenye simu, ile ya kwenda laivu, unasimama mbele ya taa ya duara unaonyesha mali na watu wanaandika komenti na kuagiza papo hapo, na kwa kuwa mimi ni mwoga wa kutazamwa niliweka filta inayolainisha uso, inanipa kope ndefu na pua nyembamba na sauti inaishusha inakuwa nzito ya kubembeleza, kasoro yake ni moja tu, nikigeuka upande sikio linapotea, basi nikajiita Bi Upindo (jina langu la kweli nimelificha) na kila siku saa nne asubuhi nauzia chumba cha nyuma, redio nikiiweka mlangoni ili sebuleni wasisikie. Mume wangu anajua nauza kwenye simu, ila ya filta na jina sikumweleza, niliona aibu.

Sasa mume wangu kwa wema wake akamnunulia mama yake simu kubwa ili atazame tamthilia zake, na wiki ya pili tu, nikiwa laivu, nikaona komenti imeingia, "Mwanangu, pindo la kushoto limekwenda upogo, geuza nione," na mshauri, hapakuwa na haja ya kuuliza ni nani. Niligeuza. Pindo lilikuwa limekwenda upogo kweli.

Tangu siku hiyo tamthilia zote amezitupa, anasema kwa Bi Upindo kuna visa vipya kila asubuhi, saa nne kasoro dakika tano ameshakaa sebuleni na chai yake, mimi nimeshajifungia nyuma, kati yetu kuna jiko na ukuta mmoja, na yeye ananiandikia "umependeza leo mwanangu" na "usisimame sana mwanangu, miguu itavimba," na mimi naona maneno hayo kwenye kioo, nageuka upande nijifute macho, sikio linapotea na wateja wanacheka. Ananunua pia, na hapo ndipo nilipochafua zaidi, kwa sababu mwenye pikipiki anauchukua mzigo mlango wa jikoni, anazunguka nyumba, anabisha mlango wa mbele, mama mkwe anapokea mapazia niliyoyashona mita saba kutoka alipokaa, anaupitisha ukucha, haguni, halafu anayaleta hadi mlangoni kwangu na kunipungia bila neno, maana yake nijifunze kushona kama binadamu.

Halafu akaanza kunitumia ujumbe wa sauti wa faragha, kunisimulia mkwe wake, yaani mimi, kwamba nafagia kama naibembeleza sakafu, kwamba najifungia ndani na redio kama msichana aliyefukuzwa shule, nikaumia, kisha shetani akanikalia begani nikamjibu kwa ile sauti nzito kwamba huenda huyo mkwe amechoka, Mama, ungemwachia Jumamosi apumzike, na Jumamosi, mshauri, mama mkwe aliingia jikoni akapika mwenyewe. Nikanogewa. Nikamwambia mama wa kisasa hakagui kitanda cha watu waliooana, akaacha, nikamwambia mkwe naye ana haki ya kile kiti chenye mto kinachotazama televisheni, na sasa nakikalia, na kila nikikikalia nahisi kimejaa misumari.

Kilichonifikisha kwako ni cha Alhamisi iliyopita, niko laivu mbele ya watu mia tatu, ikaingia komenti ndefu kwamba anaomba Bi Upindo aje nyumbani kwake Jumapili ya wiki ijayo saa kumi alasiri, kwamba ana mwana fundi wa friji, mpole, ana mke lakini mke mwenyewe ni wa chumba cha nyuma, na yeye kama mama angependa kumposea mwanawe mke wa pili anayejua kazi, watu mia tatu wakamwaga mioyo kwenye kioo, na mdomo wangu ukasema nitakuja, Mama, kabla akili haijafika. Dakika tano baadaye alibisha mlango wangu, mara ya kwanza kuniambia neno bila kumpitia mtu, akasema kuna mgeni anakuja, nishone foronya mpya za makochi, na nishone vizuri kwa sababu mgeni mwenyewe ni fundi.

Kwa hiyo hivi sasa nashona foronya za kunipokea mimi nije kuwa mke mwenza wangu. Mume wangu alipoambiwa hakupandisha sauti, aliuliza tu kama huyo dada anajua kupika, na nimemnunia siku ya tatu leo kwa kutaka kunisaliti na mimi. Dada yangu anashauri Bi Upindo asafiri ghafla asirudi, au tumtafute mwanamke mwingine aje ajifanye yeye. Nimeyafikiria yote mawili. Lakini ukweli ambao sijamwambia dada ni huu, kwamba mama yangu mzazi alifariki nikiwa darasa la tano, na nikimfuta Bi Upindo hakuna mtu atakayebaki duniani wa kuniita mwanangu, na nikijitokeza na uso wangu huu naogopa atalirudisha neno lile kama anavyorudisha foronya zangu. Nifanye nini?

Wako, Mwenye Cherehani

MSHAURI ANAJIBU

Mwenye Cherehani, nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilitoka nje kucheka, kwa sababu wenzangu ofisini wanadhani kazi hii ni ya huzuni. Pole. Sasa nyanyuka kwenye hayo marobota unisikilize.

Kuuza kwa jina la kujipachika si dhambi, na filta usiionee haya, nusu ya watu mjini wana pua za kuazima. Kosa lako lilianza siku ulipousikiliza ujumbe wa kwanza wa faragha hadi mwisho. Mtu alikufungulia moyo akidhani uko mbali, nawe ukautumia kujipatia Jumamosi na kiti chenye mto. Ungekuwa mtoto wangu ningekuvuta hilo sikio linalopotea. Mumeo naye mwache. Huwezi kumwonea wivu mwanamke ambaye ni wewe, na swali aliloliuliza ni la mtu mwenye njaa, si la mzinzi. Umemnunia siku tatu, kampikie.

Ushauri wa dada yako wa kuleta mwanamke wa bandia usiurudie hata kwa mzaha. Ukimwingiza mwanamke mwingine sebuleni aposwe kwa ajili ya mumeo, barua yako ijayo sitaijibu mimi, ataijibu wakili.

Tuje kwenye hofu yako. Niliipokea barua Jumatatu, na mimi ni mbeya kwa cheo, kwa hiyo nilikutafuta kwenye simu nikatazama laivu yako ya Jumanne, na baada ya hapo nikairudia rekodi. Kuna mahali ulizima sauti, ukatoka mbele ya kamera kwenda kuchukua kitambaa, tukabaki watu mia mbili na kitu tunatazama ukuta mtupu. Hatukuona mtu, hatukusikia kitu. Ndipo ikaingia komenti moja, ambayo uliporudi ilikuwa imeshapita na hukuiona. Ninainakili hapa kama ilivyo: "Pole kwa kikohozi, mwanangu. Kunywa maji ya moto."

Isome tena, nitakungoja.

Kwenye simu kikohozi hicho hakikutoka. Kilipita ukutani, kikakatiza jikoni, kikamfikia mama aliyekaa sebuleni na chai yake, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akijua kwa kusikiliza tu ni msichana gani amelala na yupi amejifunika akiwa macho. Na wewe ulidhani umemficha kwa redio. Amejua tangu lini, siwezi kukuambia. Huenda tangu mzigo wa kwanza, kwa sababu ukucha uliokagua mishono yako miaka sita haukosi kuujua mkono wako. Basi jiulize ule ujumbe wa faragha alikuwa anampelekea nani, na jiulize kwa nini alipika Jumamosi. Wewe ulikuwa unamchezea, naye amekuchezea kwa ustadi zaidi, akiwa na chai mkononi.

Na mbona hakusema? Kwa sababu ile ile uliyonyamazia wewe. Huyu ni mtu aliyezoea kuamuru vitanda sitini vitandikwe kabla ya kengele, neno laini hajui aliweke wapi mdomoni. Kwenye simu amepata mahali pa kukuita mwanangu bila kukutazama usoni. Nyote wawili mmevaa filta, ila yake haionekani. Hiyo posa ya mbele ya watu mia tatu si utani mtupu. Amechoka kujificha, na kwa kuwa ni mkaidi kuliko wewe, anataka uanze wewe.

Fanya hivi. Leo mchana, mumeo akija kula, mweleze yote, filta, jina na ule ujumbe wa faragha, asije akakaa Jumapili amevaa shati zuri akisubiri bibi harusi. Bi Upindo usimwue, ana wateja, ila kuanzia sasa faragha na mama mkwe imefungwa. Kiti chenye mto mrudishie kabla hajakuomba. Foronya zimalize, na zile pindo uzipige rula, una historia ya kwenda upogo.

Jumapili saa kumi usiingie kwa vishindo, usilete zawadi, usijitetee. Simu zenu zote mbili mpe mwanawe azishike ili mikono yenu ibaki mitupu. Akikuuliza mgeni yuko wapi, na atakuuliza, huyo mama hawezi kujinyima raha hiyo, kaa karibu naye useme, "Mama, ni mimi. Nisamehe kwa yale niliyoyasikiliza." Kisha funga mdomo. Ataguna, mwache agune. Atatafuta kasoro kwenye foronya, mwache atafute. Usiliombe lile neno wala usimsaidie kulitamka, hata ikipita saa nzima na chai ikapoa. Kaa hapo hapo hadi aliseme akiwa anakutazama.