Dawa ya Rangi ya Mrututu

Maji ya Chai,
Novemba 1995

Kaka Ebenezer,

Shikamoo. Mvua za vuli zimeanza, na ng'ombe amezaa ndama jike. Mama anakula kidogo.

Uliuliza Baba aliugua nini. Hakuugua. Siku hizi ushirika hauleti mrututu, ile dawa ya buluu ya kahawa, kwa hiyo alinunua dawa ya dukani, iliyomiminwa kwenye chupa isiyo na maandishi. Akaikoroga kwenye ndoo, akasema, "Rangi ni ya mrututu wetu, na inachanganyika vile vile. Hawa ni ndugu." Akapiga dawa shamba zima bila kujifunga kitambaa puani, kama alivyozoea kwa mrututu. Jioni alitokwa na mate na jasho, mikono ikamtetemeka. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Unasema huko chuoni kompyuta yenu hukisia sumu ya dawa mpya kwa kuilinganisha na zinazofanana nayo. Baba alifanya hivyo hivyo, Kaka. Waulize walimu wako, hiyo kompyuta inatazama nini ambacho yeye hakukiona?

Mibuni ile imezaa kuliko miaka yote. Kahawa imeiva nyekundu, inadondoka chini. Mama hataki mtu aichume.

Mdogo wako,
Nice