Ulituacha Katikati ya India

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Marahaba yako sitaisikia, lakini sijui kuanza na wewe bila shikamoo.

India tumeimaliza. Nimeona ulisikie kwangu.

Nakumbuka zile Jumamosi katika ukumbi wa kata, watu wametoka sokoni, miguu ina udongo, nje ukungu umeshuka hadi dirishani. Wewe unaeleza siasa za Asia kwa Kiswahili, mimi pembeni nawatafsiria wazee kwa Kishambaa. Siku ya kwanza neno utaifa lilinishinda, nikawaambia ni kupenda kwenu. Ulinisahihisha polepole.

"Hapana, Rehema. Kupenda kwenu ni kwema. Mimi nasema kupenda kwenu mpaka jirani ahame."

Wengine walikucheka. Karoti zinaozea mashambani huku Shume, mstaafu anahangaika na haki za watu wa Asia! Ukaniambia kwamba mtu akiulizwa ya kwake hutazama kwanza nani amekaa karibu. Mpe ya mbali, atasema, na njia ya kurudi nyumbani ataijua mwenyewe.

Semina yako ya mwisho ulieleza India ilivyogawanywa. Ukatusimulia familia zilizofunga milango, zikawaachia funguo majirani wa dini nyingine, zikaondoka zikidhani ni kwa muda tu. Kikohozi kikakubana. Ukasema tutaendelea Jumamosi.

Jumamosi hiyo tulikuzika Mgwashi.

Ukumbi ukajazwa magunia ya maharage. Sikuwa na moyo wa kupita hata karibu yake. Lakini Mama Zuhura, yule muuza hoho, kila akiniona sokoni alikuwa na swali lilelile: wale walioacha funguo, walirudi? Nikawa namkwepa. Siku moja akanishika mkono, akasema wewe umetangulia, na mimi niliyebaki nimenyamaza, sasa wamuulize nani?

Nikaomba magunia yaondolewe.

Mwalimu, walikuja. Nilisimama pale ulipozoea kusimama. Nikawaambia ukweli: wengi waliuawa njiani, wengi hawakuziona tena nyumba zao. Wapo majirani waliotunza funguo hadi uzeeni. Wapo waliohamia kwenye nyumba hizo kesho yake. Mama Zuhura alijifunika uso kwa mtandio.

Nilitaka kuongeza maneno. Mzee Hoza akaniwahi. Unamkumbuka, Mlutheri, aliyekuwa akisinzia mstari wa mbele? Alimgeukia jirani yake, Mzee Athumani, ambaye alikuwa hajasalimiana naye tangu ugomvi wao wa mpaka wa shamba. Akamwambia kwa Kishambaa, taratibu, kwamba kama siku ya kukimbia nyumba ingewafika wao, ufunguo wake angemwachia yeye.

Mzee Athumani alitazama mikono yake.

"Nami ningeutunza," akasema.

Hapakuwa na haja ya kutafsiri. Nilikaa kwenye kiti chako, nikalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyeondoka. Walitoka pamoja wale wazee wawili, mmoja akimshikia mwenzake mwavuli. Ah, Mwalimu. Ungekuwepo.

Nimeanza kusoma habari za Burma kwa ajili ya semina ijayo. Sina ufasaha wako, na sitajitia kuwa nao. Ninachokuahidi ni kwamba kila Jumamosi nitanyamaza mapema, ili watu wapate kusema.

Pumzika, Mwalimu. Mungu akulaze pema.

Mwanafunzi wako,
Rehema