Mirija ya Kisukari cha Mama

Jumatatu, 10 Machi 2025
Maabara, kidato cha tatu. Tishu za mimea. Nimewakatia wanafunzi vipande vya mgomba — shina lake kumbe si shina, ni majani yaliyokumbatiana! Vyumba vya hewa, kisha mirija ya maji, zailemu, imetawanyika ovyo. Wamechora vibaya.
Mama kapiga simu toka Kibosho. Migomba yake ya kisukari inageuka njano. Anasema ni jua la mwezi uliopita.

Jumatano, 12 Machi
Nimepanda Kibosho baada ya kazi. Majani ya chini yamevunjika shingoni, yananing'inia. Nikaomba panga. Nikapasua mgomba mmoja kwa urefu — Mama akageukia pembeni. Ndani, mistari ya kahawia toka kwenye tunguu, lile shina la ardhini, kwenda juu. Nikafunga vipande kwenye mfuko. Mama kauliza kama ni mbolea. Nikasema sijui.
Nilijua.

Alhamisi, 13 Machi
Hadubini. Mirija imeziba, kuta zake kahawia. Seli za wanga jirani zimekufa. Maji hayapandi. Mvua inanyesha kila siku na mgomba unakufa kwa kiu.
Mwalimu Shivani wa baiolojia, ninayemwandalia maabara, kachungulia. Fangasi wa udongoni, kasema. Bwana shamba aambiwe, ila shamba lingekuwa lake angeanza kung'oa leo. Na Mama asipande kisukari hapo tena, miaka mingi.
Nimeosha vioo. Nimefunga maabara.

Ijumaa, 14 Machi
Kazi. Sikupiga simu.

Jumamosi, 15 Machi
Nimemwambia Mama. Akakaa mlangoni na jembe mapajani. Kauliza kama ugonjwa hupita kwenye machipukizi. Ndiyo. Kumbe wiki mbili zilizopita alimpa mama Esther, jirani wa bondeni, machipukizi kumi na mbili! Mama Esther kang'oa kahawa yake yote apate pa kuyapanda.
"Usimwambie, Gladness. Nitamtazamaje?"
Nikasema nitamwambia kesho, baada ya misa.

Jumapili, 16 Machi
Mama hakuja misa. Haijawahi kutokea.
Nikashuka bondeni. Yuko shambani kwa mama Esther, anang'oa! Mama Esther anapiga kelele: "Mektrida, umerukwa na akili? Miche yangu!"
Mama hakugeuka. "Mwambie wewe. Mimi mdomo umekataa."
Hata shikamoo nilisahau. Nikaeleza yote — mirija, fangasi, udongo. Mama Esther akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: nilijua lini?
"Jumatano."
"Leo Jumapili," akasema.
Kisha akakaa chini. Machipukizi matatu, kasema, hakuyapanda hapa. Ijumaa asubuhi alimpelekea mdogo wake, anayeishi kule Kwa Sadala.
Naandika nikiwa nimekaa kwenye msingi wa nyumba ya mama Esther, sijui nifanye nini kingine. Anampigia simu mdogo wake. Inaita. Haipokelewi. Mashimo tisa, na Mama anarudi tena kwenye lile la kwanza, anachimba zaidi.
Sasa imepokelewa. Mama Esther ananinyooshea simu —